Nyani wa Shambani na Bonobo wa Riwayani: Uhakiki wa Usawiri katika Vitabu vya Watoto na Vijana

Mtoto wa Kaisho, wilayani Kyerwa, humfahamu nyani kabla hajamsoma kitabuni. Humfahamu kama mwizi wa mahindi na ndizi. Kwa sababu hiyo, uhakiki wa vitabu vya watoto vinavyohusu wanyama hawa, ukifanywa kwa jicho la msomaji huyu, hauna budi kuuliza ni nani anayebeba gharama ya mapenzi ambayo vitabu hivyo vinahubiri.

Kitabu cha picha cha Patrick McDonnell, Me…Jane (2011), kinasawiri utoto wa Jane Goodall huko Uingereza, kabla hajafika Gombe mwaka 1960. Ni kitabu kizuri, chenye maneno machache. Hata hivyo, kinaishia kwa picha ya Jane na sokwe mchanga, wawili peke yao. Kigoma na watu wake hawamo.

Riwaya ya vijana ya Eliot Schrefer, Endangered (2012), inathubutu zaidi. Sophie, ambaye mama yake ni Mkongo na baba yake Mmarekani, anamnunua bonobo mchanga, Otto, kutoka kwa mchuuzi. Anaamini amemwokoa. Mama yake, anayeongoza kituo cha bonobo yatima karibu na Kinshasa, anaona jambo jingine: anayelipa hulisha biashara ileile. Hapa ndipo penye uzito wa riwaya, kwa kuwa huruma ya mhusika mkuu inageuzwa kuwa kosa lenye bei. Vita vinapozuka, usawiri unaelemea upande mmoja. Bonobo wanapewa tabia na haiba. Wanavijiji wa njiani wanabaki zaidi kuwa hatari au msaada wa kupita.

Fasihi simulizi ya Kiswahili ina mizani tofauti. Katika kisa cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 na ambacho asili yake ya mbali ni Uhindi, kima anajiokoa na papa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Msimulizi hamwombei kima huruma, wala hamdharau. Anampa akili, basi. Lugha yenyewe inatofautisha nyani, kima, tumbili, ngedere, mbega na sokwe. (Bonobo, anayeishi kusini mwa Mto Kongo pekee, amebaki na jina la kigeni.)

Pengo lililopo, kwa maoni ya mhakiki, ni la hadithi ya Kiswahili itakayomweka mwenye shamba na mnyama katika ukurasa mmoja, kila mmoja akiwa na haki ya kula. Malighafi haiko mbali. Kati ya 1966 na 1969, sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya walipelekwa kuachiwa huru katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria, jirani na Kagera. Walitoka vizimbani wakiwa wamezoea kulishwa na binadamu, na iliwabidi wajifunze msitu upya.