Uso wa Francine, kisanduku kwa kisanduku

Mwaka 2018 msanii Diana Smith alitoa picha ya mwanamke, Francine, iliyofuata mtindo wa rangi za mafuta wa karne ya 18. Hakuna faili la picha ndani yake. Ni HTML na CSS tupu, zilizoandikwa kwa mkono.

Kwenye ukurasa wa wavuti kila kitu huzaliwa kisanduku chenye pembe nne, iwe kitufe au pua ya Francine. Kazi ngumu hufanywa na sifa ya CSS iitwayo border-radius. Wengi wetu huiandikia namba moja, kitufe kikalainika pembe, tukaenda zetu. Kumbe hupokea namba nane: nne za ulalo, nne za wima, kati yake mkwaju. Andika 50% / 60% 60% 40% 40% upate umbo la yai. Liinamishe kidogo, liweke ndani ya kisanduku kingine kinachoficha chochote kinachovuka mpaka wake, na kinachobaki kuonekana ni ukingo mwembamba tu. Hapo una kope.

Ngozi inahitaji mpito wa rangi, yaani rangi zinazoyeyukiana, pamoja na vivuli vyenye ukungu. Kisanduku kimoja hubeba vivuli vingi kwa wakati mmoja, vya nje na vya ndani, kila kimoja kikitenganishwa na kingine kwa mkato. Ndipo shavu linapojaa.

Smith aliilenga Chrome, na vivinjari vingine hakuvijali. Watu wakaifungua picha hiyo kwenye vivinjari vikongwe, uso ukasambaratika. Walicheka, lakini kwangu mimi hizo ndizo picha zenye somo. Kivinjari kikikutana na agizo la CSS kisilolijua, hakilalamiki: hulipuuza na kusonga mbele. Internet Explorer 8 haijui kuviringisha pembe, basi kila kiungo cha uso hubaki mstatili. Toleo la 9, la mwaka 2011, linajua pembe na vivuli vya visanduku, lakini mpito wa rangi halina. Huo ulikuja na toleo la 10. Kwa hiyo kila kivinjari humvua Francine tabaka lake, kama eksirei.

Huna haja ya kutafuta kompyuta ya zamani. Ifungue kwenye Chrome, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya uso, chagua ukaguzi wa msimbo, kisha ondoa alama ya tiki kwenye border-radius ya kope moja. Jicho linageuka dirisha.