Ngazi za Mninga

Mtu akipanda ngazi, macho huangalia vidato viwili vitatu vya mwanzo tu. Baada ya hapo mguu hujiongoza wenyewe. Umeshapima kimo, umeshaamini kwamba vilivyobaki vitafanana na vya kwanza, na unanyanyuka kiasi kilekile hadi juu bila kumuuliza mwenyewe. Ndiyo maana kidato kimoja kikiwazidi wenzake hata kwa upana wa kidole, kinaweza kumwangusha mtu mzima ndani ya nyumba aliyoizoea. Fundi wa ngazi anaufanyia kazi mguu huo usioangalia, na kwangu mimi hakuna kazi ya useremala inayodai uaminifu kuliko hiyo. Huku mwambaoni tumeusifu mlango. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni wanapiga picha nakshi za milango yake tangu asubuhi mpaka jioni. Ngazi zilizo nyuma ya milango hiyo, ambazo kila mwenye nyumba amezikanyaga maisha yake yote, mara chache husifiwa.

Nyumba yetu ya Dar es Salaam ina ghorofa moja, na ngazi zake zilikuwa za zege lililovishwa zulia la kahawia kutoka chini hadi juu. Siku lilipotandikwa, zulia lilikuwa fahari. Lakini pwani haina huruma na zulia. Unyevu hauishi hewani, mchanga huingia na viatu ukazama kwenye nyuzi ambako ufagio haufiki, na wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho hustawi palepale penye joto, unyevunyevu na chembe za ngozi zinazotudondoka. Mwenye pumu anajua adha yake.

Zulia lilipong'olewa, kilichokuwa chini yake kilimpa haki mama, ambaye siku zote alisema kidato cha penye kona "kinavuta mguu". Fundi, mzee tuliyemtoa mtaa wa Keko, alipitisha futi kidato kwa kidato. Cha kona kilikuwa kimewazidi jirani zake karibu sentimita mbili, na sponji la chini ya zulia ndilo lililokuwa likificha. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani haziruhusu tofauti ya zaidi ya milimita 9.5 kati ya kidato kirefu na kifupi cha ngazi moja. Mzee hajazisoma kanuni hizo. Alitazama ile kona, akatikisa kichwa, akamwambia mama, "Mama, hujakosea. Hapa kuna mtego."

Wengi walitushauri tuweke vigae. Sina ugomvi na vigae vya ukutani, lakini kigae kinachong'aa, mguu uliotoka kwenye mvua na ukingo mkali wa kidato ni vitu vitatu visivyofaa kukutanishwa. Mbao hushika unyayo, na hata mtu akiteleza, ukingo wake uliochongwa mviringo haumpasui mfupa wa goti.

Tukachagua mninga. Mvule ungefaa, mkongo nao ungefaa sana kwa ugumu wake. Mninga, mti wa misitu ya miombo unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, una sifa moja ambayo maseremala huithamini kupita rangi yake: ukishakauka vizuri, hautanuki wala kusinyaa sana. Kwa nyumba ya pwani hilo ni jambo kubwa. Nao haukui haraka, kwa hiyo fundi alikataa kununua mbao zisizo na kibali cha misitu, na alipochagua alizigeuza moja moja kutazama mwishoni mwa kila ubao jinsi miviringo ya mti ilivyolala. Ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo ukizidi kukauka hujikunja, ile miviringo ikijaribu kujinyoosha. Asiyeitazama leo ataiona baadaye ngazi yake imekuwa na mabonde.

Kuvisha zege mbao kuna mtego mwingine, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mzee kwa dhati. Ukilaza ubao wa sentimita tatu juu ya kila kidato, vya katikati havibadiliki, maana vyote vimepanda sawa. Lakini cha kwanza kimeongezeka sentimita tatu kutoka sakafuni, na cha mwisho kimepungua sentimita tatu kabla ya kufika ghorofani. Umeacha hatua mbili za hatari, moja chini, moja juu. Mzee alitwaa ufito ulionyooka, akausimamisha kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, akahesabu na unene wa mbao atakazotandika kule ghorofani, akaugawa wote kwa penseli katika sehemu zilizolingana. Ufito huo ukawa ndiyo sheria. Vidato vya zege vilivyouzidi alivipunguza kwa tindo na nyundo, vumbi jeupe likamjaa nyusi. Vilivyopungua alivijazia saruji na kuiacha ikauke kabisa, maana mbao ikilazwa juu ya zege bichi hunywa maji kwa chini na kubetuka.

Kila kidato kilitoka na kimo cha sentimita 17 na mahali pa kukanyagia pa sentimita 29. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel aliandika kwamba kimo kikizidishwa mara mbili kisha kikajumlishwa na upana, jibu lilingane na hatua ya mtu. Siku hizi huchukuliwa kuwa kati ya sentimita 60 na 65. Zetu ni 63. Mzee alifika hapo kwa kumtazama mama anavyotembea uani.

Mbao zenye upana wa kutosha ni adimu, kwa hiyo kila kidato ni vipande viwili vilivyopigwa randa ubavuni mpaka vikigusanishwa dhidi ya dirisha mwanga haupiti, ndipo gundi ikapakwa. Upande wa chini, ambao hakuna atakayeuona, ulipakwa vanishi kama wa juu, ili unyevu usiingie upande mmoja tu. Vichwa vya skrubu vilizamishwa na kuzibwa kwa vizibo vya mninga uleule, nyuzi za kizibo zikielekea kule zinakoelekea za ubao. Nilikaa chini nikavitafuta kwa kidole. Viwili nilivipata kwa shida; vingine sikuviona.

Kabla ya kupaka mkono wa mwisho wa vanishi, mzee alivua kandambili, akapanda hadi juu huku anatazama dari, akashuka vilevile. Alirudia. Safari ya pili alisimama penye ile kona, akashuka, akachukua msasa na kuupitisha kwenye ukingo ambao mimi nilikuwa nimeshauhesabu umekwisha. Kisha akamwita mama apande.

Vanishi itachubuka katikati ya kila kidato, hilo halikwepeki, kwa kuwa ndipo miguu inapopita. Itakapochubuka, ngazi zitapigwa msasa na kupakwa upya, na ubao mnene namna hii unavumilia kusuguliwa mara nyingi mno. Zulia likichakaa huishia jalalani. Na kama kidato kitapasuka, mzee ametuachia stoo ubao mmoja uliobaki kutoka kwenye gogo lilelile, ameuandika kwa penseli upande wa kukanyagia na upande wa chini, ili fundi atakayekuja asibahatishe.