Damu ya Clark

Filamu ya John Carpenter iitwayo The Thing ilipotoka Marekani mwezi Juni 1982, watu walikuwa wamekwisha kumpenda mgeni mwingine kutoka anga za juu, yule mpole wa E.T., aliyetangulia kwa wiki mbili. Wakosoaji wengi waliiona ni machukizo matupu. Leo inasifiwa sana, na vijana wetu wanaitazama kwenye simu. (Wazazi wajue kwamba si ya watoto hata kidogo.)

Wanaume 12 wa kituo cha utafiti huko Antaktika wanampokea mbwa aliyekuwa akifukuzwa na helikopta ya Wanorwei. Kumbe si mbwa. Ni kiumbe kilichokaa chini ya barafu kwa maelfu ya miaka mpaka kikafukuliwa, na kinaweza kummeza mtu na kuuvaa mwili wake, sauti yake na hata tabia zake. Tangu hapo hakuna anayejua aliyeketi naye mezani ni nani.

Wapenzi wa filamu hii husimulia sana kipimo cha damu. MacReady, rubani, anawafunga wenzake kamba, kisha anachovya waya wa moto katika damu ya kila mmoja. Damu ya Palmer inaruka, na dubwana linajitokeza. Ni kweli inatisha. Ila mimi husimama dakika chache kabla ya hapo. Clark, mtunza mbwa, alishukiwa kwa kuwa yule mbwa alikaa naye muda mrefu. MacReady alipotaka kuwafunga wote, Clark alimrukia na kisu cha daktari, akapigwa risasi ya kichwa. Damu yake inapimwa akiwa maiti, na haifanyi lolote. Clark alikuwa mtu. Childs anamwambia MacReady kwamba basi yeye ni muuaji. MacReady hajibu, anaita anayefuata.

Hapo ndipo filamu inaponiudhi. Imeliweka mezani swali zito kuliko madubwana yake yote, kisha ikalikimbia.

Katika Mathayo 13 watumwa wanataka kwenda kuyang'oa magugu shambani. Mwenye shamba hakatai kwamba magugu yapo, wala hadai kuwa adui ni hadithi tu. Anachohofia ni ngano itakayong'olewa pamoja nayo. Watumwa walikuwa na juhudi kama MacReady, na macho yao hayakuwa makali kuliko yake.

Sisi hatuna barafu, lakini waya wa moto tunao. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyaleta. Wauaji wengine walilelewa kwenye nyumba za sala. Na hata pasipo panga, tunajua jinsi mama mmoja anavyoachiwa benchi zima peke yake baada ya minong'ono ya wiki mbili tu.

Mwishoni kituo kimeteketea. MacReady na Childs wameketi kwenye theluji, wanapokezana chupa ya pombe huku kila mmoja akimwangalia mwenzake. Aliyeitwa muuaji na aliyemwita hivyo wako peke yao, na usiku mzima uko mbele yao. Jina la Clark halitajwi.