Mkweche Unaofaa Porini

Mtu anayetaka kuunda gari la porini kwa fedha ndogo huanza kuuliza habari za injini. Inawaka? Inavuta? Inakula oili? Maswali hayo yana wakati wake, lakini yakitangulia yanampoteza. Injini ya Toyota aina ya 1HZ utaikuta Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, imeketi juu ya mbao ikisubiri mwenye pesa. Giaboksi utapata, difu utapata, milango, viti, hata kabini nzima. Vitu viwili tu hutavipata dukani: chesisi nyoofu yenye namba yake ya asili, na karatasi za umiliki zisizo na walakini. Mkweche wenye viwili hivyo, hata kama injini yake imekufa, kwangu mimi una thamani kuliko unaowaka kwa stata moja huku kutu inamalizia kazi chini yake.

Orodha ya magari yenyewe kwa huku kwetu si ndefu. Ya kwanza ni Land Cruiser pikapu ya HZJ75, ambayo tangu 1990 ilikuja na hiyo 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, dizeli isiyo na tabo. Mwaka 1999 ilibadilishwa, ikaja HZJ79 yenye koili mbele badala ya springi za vyuma bapa. Kuzitofautisha huhitaji hata kufungua mlango: hesabu nati za gurudumu. Ya zamani ina 6, mpya ina 5, na rimu zake haziingiliani. Ya pili ni Land Rover 110, iliyoanza kuuzwa 1983 na kupewa jina la Defender mwaka 1990. Ya tatu ni Hilux ya LN106, ambayo wengi huipita wakidhani ni gari la kubebea mchanga tu. Mbele ina ekseli nzima kama ya lori, na injini ya 3L ya lita 2.8 isiyo na makuu. Nissan Patrol yenye TD42 ni chuma kweli, ila anayeunda gari lake la kwanza nisingemshauri aanze na gari ambalo kila spea yake ni ya kuagiza.

Kwa nini ekseli nzima? Tazama Rhino Charge ya Kenya, inayofanyika tangu 1989 kuchangia uzio wa misitu. Magari hupewa saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kasi haikusaidii. Unakata moja kwa moja, unashuka korongoni, unapandia upande wa pili juu ya mawe. Hapo tairi moja ikiinuliwa na jiwe, ekseli nzima huikandamiza tairi ya upande wa pili ardhini, na vyuma vyake ni vichache na vinene. Hata kama hutashindana na mtu, na shida yako ni udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, gari linalofaa ni lilelile.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Kwa hiyo mkweche utakaoumudu bei yake tayari uko nchini, na umeshafanya kazi ya mtu. Ijue kazi hiyo kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Gari lililobeba samaki lina ugonjwa wake. Barafu huyeyuka, maji ya chumvi hupenya kwenye mbao za bodi na kudondokea chesisi kwenye maungio yaleyale, safari baada ya safari. Ukilitazama kwa pembeni utaliona zima kabisa. Hilux za kukimbiza miraa kutoka Meru hazikuendeshwa, zilirushwa. Hizo chunguza nyufa kuliko kutu. Magari ya Tanga, Mombasa na Zanzibar hulika hata yakiwa yamesimama, kwa upepo wa bahari peke yake. Yale ya Dodoma na Singida huwa makavu chini, isipokuwa vumbi limemaliza sili na beringi, jambo ambalo ni nafuu kulirekebisha. Gari la parokia lililokuwa na dereva mmoja kwa miaka mingi ndilo ninalolitafuta. Linaweza kuwa limezeeka kweli, lakini aliyelizeesha alikuwa akilisikiliza.

Halafu kuna magari ya watalii ya Arusha. Karakana za huko hukata chesisi ya Land Cruiser, hurefusha katikati, na kujenga kabini ndefu yenye paa la kuinuka. Kazi hiyo ikifanywa na fundi anayeijua hudumu. Lakini gari lililorefushwa halifai kwa mradi huu, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Tumbo lake refu litakaa juu ya kila tuta, na ukitaka kulifupisha utakuwa unakata mahali palipokwisha kukatwa. Ujihadhari zaidi na lile ambalo limeshafupishwa tena na kuwekewa bodi ya pikapu. Pitisha kiganja upande wa ndani wa chesisi, katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Chuma cha kiwandani ni laini mfululizo. Ukigusa mshono unaopanda wima kutoka chini hadi juu, au kipande cha bamba kilichochomelewa kama kiraka cha suruali, funga mazungumzo.

Sasa lala chini. Chukua kipande cha turubai, tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma, taratibu, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti ya kufa, na mara nyingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani ya boksi kama mchele kwenye debe. Kwenye Land Cruiser kaza sana sehemu ya nyuma, pale chesisi inapopanda kuvuka ekseli na pale springi zinaposhikwa. Tope huingia kwenye matundu ya kutolea maji, hukauka humo, na chuma hukaa na unyevu mwaka mzima. Pakisikika pabaya, bonyeza na bisibisi. Muuzaji akilalamika unamtobolea gari, umepata jibu lako, maana chesisi nzima haitobolewi na bisibisi.

Land Rover ina ujanja wake. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo haina kutu ya kahawia, na watu hudanganyika wakidhani gari zima liko hivyo. Chini yake chesisi ni ya chuma cha kawaida. Anza na boriti ya mwisho kabisa nyuma, inayoshika ndoano ya kuvutia, kisha mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi, kisha ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini. Inua mpira wa chini ya miguu ya dereva. Mara nyingi pale ndipo utaiona barabara. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, unyevu ukiwepo, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Sumaku, ambayo kwenye Toyota hukuonyesha palipojazwa pati na kupakwa rangi, hapa haitakusaidia, kwa kuwa hata bodi isiyoguswa haishiki.

Ukiwa bado chini, tafuta namba ya chesisi. Kwa Land Cruiser na Land Rover imegongwa kwenye chesisi upande wa kulia, mbele, karibu na gurudumu. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli, sugua kwa brashi ya waya, ukishaisoma uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Lakini kulinganisha hakutoshi. Tazama uso wa chuma chenyewe. Namba ya kiwandani ina kina kinacholingana, na chuma kinachoizunguka kimezeeka sawa na chuma kingine. Pakiwa pameng'aa, au pamebonyea kidogo kama palipolambwa na grainda, au tarakimu moja imepanda na nyingine imeshuka, vaa viatu uende zako. Hapo hakuna punguzo la bei linaloweza kukufaa.

Karatasi nazo husomwa kwa ukali uleule. Jina lililo kwenye kadi ni la nani, na yuko wapi? Mara nyingi utaambiwa, "Kadi ni ya marehemu mzee, sisi ni watoto wake." Basi unayepaswa kumwona ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Kijana mwenye funguo siye, awe mkarimu namna gani. Gari la mradi wa wafadhili, lile lililokuwa na namba za DFP, liliingia bila ushuru. Likiuzwa kwa mtu wa kawaida ushuru hudaiwa, kwa hiyo uliza risiti ya ushuru na hati ya mnada kabla hujaisifu rangi. Gari la serikali lililonunuliwa mnadani liwe na hati zinazotoka kwa mwenye mnada hadi kwa huyo anayekuuzia, bila mnyororo kukatika. Kadi pia inataja namba ya injini. Ikiwa injini ilibadilishwa na kadi haikubadilishwa, ni kero inayotibika, lakini iondoe kwenye bei.

Sasa ekseli ya mbele. Kwenye Land Cruiser na Hilux za aina hii, nyuma ya gurudumu kuna tufe la chuma linalojitokeza usukani unapokatwa. Lipanguse kwa kidole. Ukipata utando mwembamba wa grisi, vizuri. Ukipata uji mweusi unaochuruzika, oili ya difu imepita sili ya ndani na kuchanganyika na grisi. Sili yenyewe si ghali, lakini kazi yake ni ya siku nzima, na beringi zilizokuwa zikiogelea kwenye uji huo huenda zimekwisha. Piga jeki, shika tairi juu na chini, itikise. Halafu hakikisha propela ya mbele ipo. Nimeona magari mengi yaliyofunguliwa propela ya mbele ili kupunguza mafuta, ikatupwa nyuma ya kiti, kisha ikauzwa. Habu za mbele, zile za kufunga kwa mkono, zizungushe pande zote mbili. Zikigoma, jua gari halijaona tope miaka mingi, au liliona tope moja likaachwa hivyo.

Injini nimeiweka mwisho makusudi, na ukifika weka mkono juu yake kabla hujasalimiana vizuri. Iwe baridi. Dalali aliyeiwasha mapema "ili bosi asisumbuke" amekunyima kipimo muhimu kuliko vyote, maana dizeli iliyochoka hujificha ikishapata joto. Iwashe mwenyewe. Moshi mweusi ukikanyaga ni habari ya nozeli au pampu, si msiba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto, pamoja na rejeta inayotoa mapovu, huenda ni silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza kwa mapigo kama treni, pistoni na ringi zimechoka. 1HZ iliyofungwa tabo mtaani ogopa. Haikuundwa kwa joto hilo, na hedi hupasuka. Kumbuka pia kwamba 1HZ na 3L zina mkanda wa taimingi, na Toyota waliweka taa kwenye dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha. Ukiwasha swichi na taa zote zikaonekana isipokuwa hiyo, kuna mtu aliyechoka kukumbushwa akang'oa balbu.

Rangi? Usiitazame. Au tuseme, itazame kwa shaka: mkweche uliopakwa rangi wiki hii una kitu unachoficha, na unalipia rangi hiyo mara mbili, kwa sababu gari la porini utalipaka tena. Bodi iliyopondeka na kuachwa hivyo ni heri. Angalau mikunjo yake ni ya kweli.

Kwenye bei, neno "haidai" lina maana yake sokoni, kwamba gari halina matengenezo yoyote yanayosubiri. Kila mkweche hudai. Andika unachokiona kwenye karatasi, mpelekee fundi wako na siyo wa kwake, jumlisha, kisha toa ofa yako. Fedha ya mradi igawe ukijua ununuzi ni theluthi tu. Theluthi mbili zitakwenda kwenye breki, bushi, springi, tairi na vitu ambavyo hukuviona. Wengi hununua tairi kubwa na springi za kuinua gari kabla ya breki kukamata, kwa kuwa tairi zinapigika picha.

Ukishalipa na umiliki ukahamishiwa jina lako, usiliendeshe mbali kabla hujamwaga oili zote: injini, giaboksi, boksi ya kugawia nguvu, difu zote mbili. Mwagia kwenye beseni jeupe, kila moja peke yake, uache itulie. Unga laini wa kijivu kwenye kizibo cha sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia, na giaboksi au difu hiyo ifunguliwe sasa, gari likiwa gereji, kabla halijakuvunjikia njiani kuelekea Loliondo.