Kapteni aliyetoka Cedar-Riverside

Wadau, theluji ya wiki jana ilinifungia ndani, nikaona heri nimalize sinema zilizokuwa zimerundikana. Nimeangalia tatu. Mimi si mtaalamu wa fani hii, naandika kama mpenzi wa sinema tu, atakayebisha abishe.

Ya kwanza ni Captain Phillips ya mwaka 2013. Najua mtasema ya zamani hiyo bwana! Lakini safari hii niliiangalia na jirani yangu, mzee Mbarawa, ambaye Chimwini chake hunilazimu kutega sikio. Wale vijana wanne wanaoteka meli ni Wasomali wa hapa hapa Minneapolis. Walipatikana kwenye usaili wa wazi mtaani Cedar-Riverside, ambako watu zaidi ya 700 walijitokeza. Barkhad Abdi alikuwa hajawahi kuigiza. Aliwahi kuendesha limuzini. Mwongozaji, Paul Greengrass, akahakikisha hawaonani na Tom Hanks mpaka siku ya kupiga ile picha ya kuvamia chumba cha usukani. Ndiyo maana woga wa Hanks pale hauna harufu ya mazoezi. Abdi akapata tuzo ya BAFTA mwaka 2014 na kuteuliwa kugombea Oscar, na mimi nilijiona kama vile timu ya mtaani kwetu imeingia fainali.

Mzee wangu hakushangilia. Alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akauliza: "Hawa vijana, mama zao wako wapi?"

Swali hilo limenikaa. Phillips tunaanza naye kwake Vermont, yumo garini na mkewe wanaelekea uwanja wa ndege, wanaongea habari za watoto. Vijana wale tunawakuta tu kijijini, wenye bunduki wamekuja kuwafokea waende baharini. Hawana mke wala mama. Abdi kajaza kwa uso wake kile ambacho mwandishi hakumpa. Halafu jamani, ile Maersk Alabama, Aprili 2009, ilikuwa safarini kutoka Salalah kwenda Mombasa, njia ya majahazi ya babu zetu. Mombasa yenyewe imebaki jina tu.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hapa nilikaa kisu mkononi, maana kitabu hiki nimekifundisha. Nikalegea. Unguja ya miaka ya 1950, vichochoro vya usiku, taarabu, watu wanaongea Kiswahili chao bila kumbembeleza mgeni. Ila Denge kanipungukia kidogo. Kitabuni unamsikia akibishana mpaka unataka kuingilia, kwenye filamu anatazamwa zaidi kuliko anavyosikika. Na dakika tisini na kitu kwa riwaya ile ni kama kuchota kisima kwa kijiko.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) sitaisema sana, nililia. Jo ni mtoto mgonjwa, hatapona, anapenda sinema za Jackie Chan, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu awe shujaa. Humo mama yupo, tena ndiye anayetuumiza kuliko hata mtoto.

Jumamosi mzee anakuja tena, tutaangalia Vuta N'Kuvute. Atakayoyasema nitawaletea.