Murajaa na kasi ya kusahau

Kuhifadhi Kurani ni kazi mbili: kuingiza aya mpya, na kuzilinda za zamani zisitoke. Ya pili ndiyo nzito. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema Kurani huponyoka upesi kuliko ngamia anavyochomoka katika kamba. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa madrasa hapewi aya mpya tu. Hupangiwa pia murajaa, yaani kuyarudia aliyokwisha kuyahifadhi.

Rumonge, mji wa bandari kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura, una Waislamu wengi na Kiswahili chake ni cha siku nyingi. Mtoto wa hapo husikia Kirundi na Kiswahili mtaani, na Kifaransa shuleni. Kiarabu cha Kurani hakisikii sokoni wala mwaloni. Kwa anayeanza, basi, aya ni mfuatano wa sauti ambao maana yake haijafunguka.

Hali inayokaribia hiyo ndiyo aliyoichunguza Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akapima ni muda gani anaookoa anapozikariri upya. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi ya awali. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, bado 21. Hasara kubwa hutokea mwanzoni kabisa, kisha kasi hupungua. Jaap Murre na Joeri Dros walilirudia jaribio hilo mwaka 2015 wakapata mkunjo unaofanana.

Kutokana na hapo, somo la leo linahitaji kusomwa tena kabla ya kulala na kesho asubuhi, si mwisho wa juma. Baadaye nafasi hupanuka. Nicholas Cepeda na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba, kwa mtihani wa baada ya juma moja, marudio yanafaa yakija baada ya siku moja hivi. Kwa mtihani wa baada ya takriban mwaka, baada ya majuma matatu hivi.

Utaratibu wa madrasa unaelekea huko huko: somo jipya, kurasa za siku za karibuni, kisha juzuu za zamani kwa zamu. Msahafu wa Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni kama kurasa 20. Anayesoma juzuu moja kwa siku huzimaliza zote 30 kwa mwezi. Kasoro ya zamu hiyo ni usawa wake: ukurasa ulioshika na ukurasa unaoyumba hupewa siku ileile. Tena kusahau hakuletwi na muda peke yake. Aya zinazofanana huvutana, na msomaji huanza sura moja akajikuta katika nyingine. Katika Sura ya Rahman aya moja hujirudia mara 31, na aliyehifadhi kwa haraka hapo hupotea njia.

Namna ya kurudia nayo ina uzito. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima mwaka 2006: waliosoma upya walikuwa mbele baada ya dakika tano, lakini baada ya juma moja waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia waliwapita. Kufunga msahafu na kumsomea mwalimu, kwa hiyo, ndiyo murajaa hasa. Kupitisha macho ukurasani hakutoshi.

Linalobaki ni maana, nalo mara nyingi hucheleweshwa mno. Ebbinghaus alipokariri beti za mshairi Byron alihitaji takriban sehemu moja ya kumi ya juhudi aliyotumia kwa silabi tupu. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ipo kwa Kiswahili tangu 1969, na mtoto wa Rumonge anaielewa lugha hiyo. Mwalimu amweleze aya kabla ya kumkaririsha. Kisha ukurasa ulioteleza urudiwe kesho yake, na ulionyooka usogezwe mbele.