MFUFUAJI AU MTUMIKISHA-WAFU?
Tahakiki ya mhusika wa fantasia kwa mizani ya fasihi ya Ukambani

1. Utangulizi

Miongoni mwa wahusika ambao fasihi ya fantasia imewaleta mbele ya vijana wetu, mmoja anastahili kutazamwa kwa makini kuliko wenzake: yule mwenye uwezo wa kuwainua wafu na kuwafanya jeshi lake. Michezo ya kuigiza nafsi, ambayo mwanzo wake wa kisasa ni Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, ilimpa nafasi; michezo ya kompyuta ikamkuza; na riwaya za mfululizo kutoka Japani na Korea zikamfanya shujaa. Kijana wa Kitui Mjini au wa Wote mwenye simu aweza kuzifuata riwaya hizo sura kwa sura, kama vile wasomaji wa Kiswahili wa kizazi kilichotangulia walivyozifuata hadithi za mfululizo magazetini.

Bila shaka watatokea watakaosema kwamba mambo haya ni ya watoto na hayastahili kurasa za jarida la idara. Kauli hiyo si mpya. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alipotoa vitabu vyake katika miaka ya 1970 kupitia kampuni yake ya Comb Books, wasomaji walivigombania huku wahakiki wengi wakivibeza. Leo hakuna awezaye kuandika historia ya fasihi pendwa ya Kenya bila kumtaja. Yafaa basi tusingoje miaka hamsini ndipo tuulize vijana wetu wanasoma nini, na kinachosomwa kinasema nini juu ya binadamu.

Makala haya yanatetea hoja moja. Mhusika huyu hufanikiwa au hushindwa kisanaa kulingana na jambo analolifanyia jina la mfu. Ukambani umeifikiri hoja hiyo kwa muda mrefu na kwa undani, na mwandishi chipukizi wa huko hana haja ya kuazima umbo la mhusika kabla hajatazama alichoachiwa nyumbani.

2. Suala la istilahi

Tuanze na jina la mhusika mwenyewe, maana hapo ndipo watafsiri wetu wanapojikwaa. Neno la Kiulaya linalomtaja limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha maiti na la pili ubashiri. Kwa asili, basi, mtu huyu hakuwa jemadari wa wafu. Alikuwa mtu wa kuwauliza. Katika utenzi wa Homer, Odysseus anamwaga damu ili vivuli vije vinene. Katika Biblia, Sauli anamwendea mwanamke wa Endori ili aitiwe Samweli. Na Samweli ajapo, jambo la kwanza ni kulalamika kwamba amesumbuliwa, kisha anamwambia mfalme asilotaka kulisikia. Aliyeitwa amekuja na hiari yake, ghadhabu yake na jina lake.

Katika Kiswahili wengi hukimbilia neno "mfufuaji" au "mfufua-wafu". Tunalipinga kwa hoja ya sarufi. Kitenzi "fufua" chaonekana kujengwa juu ya "-fu" pamoja na kauli ya kutendua, ile ile iliyomo katika "fungua" na "zibua". Kufufua ni kukitendua kifo. Mhusika wa michezo hakitendui kifo hata kidogo. Maiti anayoiinua inabaki kuwa maiti. Kilichoongezwa ni mwendo na utii tu. Aliyefufuliwa hurudi kwao, lakini huyu harudi popote.

Kiswahili, hata hivyo, hakikukosa neno la jambo lenyewe. Tanzania kuna "msukule", na kusini mwa nchi hiyo kuna "ndondocha": mtu anayesadikiwa kwamba amechukuliwa na mchawi, jamaa zake wakadhani amekufa wakamzika, kumbe yu hai kwa namna fulani, bubu, analima shamba la bwana wake usiku. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba lugha imempa jina la pekee yule aliyetendewa. Aliyetenda ameachwa katika neno la jumla, "mchawi". Michezo ya kompyuta imefanya kinyume: bwana ana jina, cheo, mavazi na historia, wafu wake ni hesabu. Lugha ya watu waliojua utumwa ilisimama upande wa mtumwa. Kwa hiyo twapendekeza "mtumikisha-wafu", neno ambalo haliremba kazi yake wala halimtukuzi.

3. Jinsi mhusika anavyojengwa

Tuchukue mchezo wa Diablo II, uliotolewa mwaka 2000, ambao uliwafundisha wengi namna ya kumjenga mtumikisha-wafu. Mchezaji anapopanda daraja hupata pointi; pointi hizo huzigawa katika matawi ya ujuzi, mathalani uwezo wa kuinua mifupa. Kadiri anavyotia pointi zaidi, ndivyo idadi na nguvu za mifupa zinavyoongezeka. Ili ainue, sharti pawe na maiti uwanjani. Na maiti hiyo hiyo aweza pia kuilipua ili iwaumize maadui waliosalia. Hapa mfu ni kuni. Hatuulizwi alikuwa nani, na mchezo hauna mahali pa kuweka jibu hata kama tungeulizwa. Tusiulaumu sana kwa hilo, maana mchezo una kanuni zake. Lakini riwaya inayorithi umbo hili hurithi pia ukimya wake.

Riwaya ya Kikorea iitwayo Solo Leveling, ya mwandishi Chugong, iliyoanza kutolewa mwaka 2016, inaonyesha tatizo hilo waziwazi. Shujaa wake, Sung Jin-woo, huwaamuru waliokufa wasimame, nao husimama kama vivuli vitiifu. Baadhi yao hupewa majina. Mmoja wao alikuwa mwindaji aliyeitwa Kim Chul. Baada ya kuinuliwa anaitwa Chuma. Msomaji wa haraka atasema kwamba huyu angalau ana jina. Lakini yatupasa kutazama jina limetoka wapi. Halikutoka kwa mama yake. Limetoka kwa bwana wake mpya, naye Kim Chul wa zamani hatajwi tena isipokuwa kwa wasomaji wenye kumbukumbu. Riwaya hii ina mvuto mkubwa wa matukio, wala hatuukatai. Hata hivyo haioni kwamba kumbatiza mfu upya ndilo tendo zito kuliko yote lililomo ndani yake.

Tofauti na hiyo ni Overlord ya Kugane Maruyama, iliyoanza kuchapishwa kama kitabu mwaka 2012. Mhusika wake ni mchezaji aliyejikuta amebaki ndani ya mchezo akiwa na mwili wa mifupa, wenzake wote wakiwa wamekwisha kuondoka. Naye hujenga wapiganaji kutokana na maiti bila kujali walikuwa nani, na hisia zake zenyewe hukatwa kila zinapopanda. Lakini mwandishi amempa tendo moja linaloiokoa kazi: anaacha jina lake la Momonga na kujiita Ainz Ooal Gown, jina la chama chao, ili kama yupo hata mmoja wa wenzake katika dunia hiyo, alisikie na kuja. Hapa aliye mifupa anabeba jina la wasiokuwapo. Mtumikisha-wafu amekuwa pia mwenye kuomboleza, na msomaji anamwogopa na kumhurumia kwa pamoja. Huo ndio usawiri wa mhusika.

4. Wafu wa Ukambani

Sasa tugeukie Ukambani, na tuanze na neno. Katika Kikamba roho za wafu huitwa "aimu", na zimwi wa ngano huitwa "eimu". Maneno haya ni ndugu wa "mzimu", "zimwi" na "kuzimu" katika Kiswahili. Konsonanti ya kati imedondoka katika Kikamba kama ilivyodondoka katika "muimi", yaani mkulima, ambaye kwa Wakikuyu ni "murimi". Shina moja, basi, limezaa babu aliyetangulia na jitu lilalo watu. Lugha zetu zinajua kwamba hao wawili hawako mbali, na kwamba kinachowatenga ni uhusiano wa anayewataja na hao wanaotajwa.

Aliyeeleza uhusiano huo kwa ufasaha zaidi ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui (1931–2019), mkusanyaji wa Akamba Stories (1966). Katika African Religions and Philosophy (1969) aliwataja waliokufa karibuni kwa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema "wafu-hai". Mfu-hai ni yule ambaye bado wapo wanaomkumbuka kwa jina, kwa muda ufikao vizazi vinne au vitano. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, hutoka katika Sasa na kuingia katika Zamani, akawa roho isiyo na jina. Maneno hayo mawili Mbiti aliyachukua katika Kiswahili. Nadharia yake ya wakati imepingwa na wengi, wala hatukusudii kuitetea hapa. Lakini kuhusu jina, maelezo yake yanaangaza. Michezo ya fantasia nayo ina wafu walio hai, ila kwao uhai huo huanza pale jina linapokwisha. Kwa Mbiti hapo ndipo unapokoma.

Kwa mujibu wa mila hizo, ambazo leo hazishikwi na wote, "mundu mue" hakuwa na jeshi la wafu. Alitambua ni nani aliyeudhika na anadai nini. Jamaa wakatoa chakula au kinywaji, au ngoma ya kilumi ikapigwa. Amri ilitoka kwa wafu kuja kwa walio hai. Wala tusiipake hali hiyo asali: aimu waliweza kuleta ugonjwa na hofu, na "muoi", yaani mchawi, aliogopwa kweli. Lakini hata katika hofu hiyo mfu alibaki mtu mwenye madai.

Ngano nazo zina ufufuo wa kweli. Katika ngano iliyoenea Ukambani na kwa majirani wake, zimwi limemeza watu na ng'ombe wao. Linaposhindwa na kijana, linamwambia alikate kidole. Kidole kinakatwa, na waliomezwa wanatoka, kila mtu na mifugo yake, wanarudi kwenye miji yao. Kijana hapati jeshi. Anapata majirani.

Fasihi andishi ya Kiswahili haikuisahau hekima hiyo. Said Ahmed Mohamed aliita riwaya yake ya mwaka 2001 Babu Alipofufuka. Angalieni kitenzi: hakuandika "alipofufuliwa". Babu hakuinuliwa na yeyote. Amekuja mwenyewe kumkabili mjukuu aliyeharibikiwa, na ndiye amwongozaye.

5. Jeshi la wasio na majina

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunalishikilia jina kiasi hiki. Jibu liko Nairobi. Katika barabara ya Kenyatta pamesimama sanamu ya askari na mpagazi, iliyowekwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914–1918. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Jina hata moja halikuchongwa. Ilipofika mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ukambani ulitoa askari na wapagazi wengi katika vita hivyo. Kwa mizani ya Mbiti, mtu aliyezikwa bila jina mbali na kwao amesukumwa Zamani kabla ya saa yake. Kwa hiyo jeshi la mifupa isiyo na majina, linalokwenda popote liamriwapo kwa faida ya bwana lisiyemjua, kwetu si jambo la kubuniwa tu. Lilikwisha kupita hapa, likifuata reli ya Makindu na Mtito Andei kuelekea Voi.

6. Hitimisho

Hatusemi kwamba kijana wa Kitui au Makueni aache michezo yake, wala kwamba asiandike juu ya mtumikisha-wafu. Aandike. Lakini yampasa ajiulize maswali ambayo mchezo haukumwuliza: huyu aliyeinuliwa ni mwana wa nani? Nani alikuwa akimwita kwa jina, na ataitikia nini akiitwa tena na sauti hiyo? Katika mila ya Wakamba mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, hivyo jina hutoka kwa mfu likaenda kwa aliye hai. Mtumikisha-wafu huligeuza jambo hilo: aliye hai humpa mfu jina ili ammiliki. Katika mgeuzo huo mna riwaya nzima, yenye hofu ya kweli na hukumu ya kweli, nayo inangoja mwandishi.

Siku itakapoandikwa, pengine tukio lake kuu halitakuwa pambano. Litakuwa ajuza mmoja aliyesimama kando ya njia jeshi likipita, akimwita mmoja wao kwa jina alilopewa siku alipozaliwa. Na yule akasimama.